Kiti cha mwenye mali

Ankoro, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imekaa pale ambapo mto Luvua, unaotoka ziwa Mweru na kupita Kiambi na Manono, unaingia katika Lualaba. Mji uliozaliwa kwenye makutano ya mito huishi kwa kuvuka. Mihogo, samaki, mgonjwa anayewahi dawa, mwanafunzi anayewahi darasa, wote hao hungoja ukingoni. Tuchukue mfano, na ni mfano tu: wakuu wa Ankoro wanaamua kununua kivuko cha mota, kiwe mali ya mji wenyewe. Chombo kinafika, fundi wa mashine anaajiriwa, wakata tiketi wanapewa vitabu vyao. Jioni ya siku ya kwanza kuna sanduku lenye faranga. Nani analifungua? Nani anahesabu mbele ya nani? Bei ya kesho inapangwa na nani? Na mama muuza samaki akikuta nauli imepanda maradufu, ampelekee nani neno lake?

Kila shirika linalomilikiwa na baraza la mji, liwe la maji, la mabasi, la soko au la mochwari, lina maswali hayohayo. Tofauti ni ukubwa wa sanduku.

Njia nyepesi ya kuelewa mambo haya ni kufikiria viti vitatu. Kiti cha kwanza ni cha mwenye mali. Yeye husema chombo kipo kwa ajili gani, huteua watakaokichunga, na mwisho wa mwaka husoma hesabu. Kiti cha pili ni cha bodi, inayomchunga meneja mwezi baada ya mwezi. Cha tatu ni cha meneja mwenyewe, anayenunua mafuta, kulipa mishahara na kuhakikisha mota inawaka asubuhi. Viti hivi huelekeana, na aliyekaa kimoja hawezi kuhamia cha pili kila swali linapoulizwa. Mkuu wa mji akiwa mwenye mali asubuhi, mwenyekiti wa bodi mchana, na jioni akatuma mtu wake achukue fedha za tiketi, basi hakuna aliyebaki wa kumwuliza.

Lakini kuna jambo linalotangulia mgawanyo huo. Mji ni watu, na watu hawawezi kuketi wote kwenye kiti kimoja. Wanawakilishwa na baraza. Baraza lisipokuwepo, kiti cha mwenye mali kiko kitupu, na kiti kitupu hakikosi wa kukikalia.

Hapo ndipo Kongo inapokwama. Kwenye karatasi, nchi imepanga vizuri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inatambua mji, komini, sekta na usheferi kuwa mamlaka zenye nafsi yao kisheria, zinazojiendesha zenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, nambari 08/016, inaeleza namna. Komini ina baraza la washauri waliochaguliwa na wananchi, na ina kamati ya utendaji inayoongozwa na burgumestre. Washauri wanaamua juu ya masoko, barabara za ndani, usafi, makaburi, maegesho. Burgumestre anatekeleza. Juu yao yuko gavana wa jimbo, mwenye jukumu la kulinda sheria isivunjwe, na anaweza kumkaimisha msimamizi wa teritware kazi hiyo.

Washauri hao, hata hivyo, walisubiriwa miaka mingi. Uchaguzi wa rais na wabunge ulifanyika 2006, 2011 na 2018, na kila mara ule wa mabaraza ya chini ukaahirishwa. Mnamo Desemba 2023 ndipo washauri wa komini walipochaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii, tena katika komini za Kinshasa na za miji mikuu ya majimbo peke yake, jumla ya viti 915. Katika jimbo la Tanganyika, hiyo maana yake ni Kalemie. Ankoro haikupiga kura ya baraza lake. Kote ambako baraza halijachaguliwa, wakuu wa miji na komini huteuliwa kutoka juu, na anayeteuliwa kutoka juu hutazama juu. Sisemi ni watu wabaya. Nimeona wengine wakifanya kazi ngumu kwa mfuko usio na kitu. Ninachosema ni kwamba hata aliye mwaminifu kabisa hana wa kumpa hesabu miongoni mwa watu wake, na uaminifu usiokaguliwa hauwezi kutofautishwa na wizi uliofichwa vizuri.

Fedha nazo zinafuata mkondo huohuo. Katiba inasema majimbo yabakishe asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Sheria ya 2008 inasema mamlaka za chini zipate asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Yaani katika kila faranga 100, jimbo lina haki ya 40, na mamlaka za chini zigawane 16 kati ya hizo. Faranga hizo 16 hufika kwa matone, au hazifiki, na mji usiopata fungu lake hutegemea ushuru wa soko na wa bandari ndogo. Kwa hiyo chombo chochote kinachoingiza fedha kila siku, kama kile kivuko chetu, kitageuka kuwa mfuko wa ofisi. Meneja ataambiwa leo atoe ya karatasi na wino, kesho ya mafuta ya pikipiki, keshokutwa ya kupokea mgeni mkubwa. Siku mota ikiharibika hakuna akiba. Mashirika mengi ya umma yamekufa hivyo, bila mwizi hata mmoja kukamatwa, kwa sababu kila aliyechota alikuwa na sababu.

Mtu anaweza kudhani kwamba baraza likishachaguliwa mambo yatanyooka. Tuitazame Dar es Salaam. Jiji lile limewahi kumiliki vitu vya kila aina. Shirika lake la maendeleo, DDC, lilikuwa na kumbi za starehe na hata bendi ya dansi, Mlimani Park, ile Sikinde ambayo wazee wa Kalemie wangali wakiikumbuka kwa redio za ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Jiji lilikuwa pia na hisa asilimia 51 katika UDA, shirika la mabasi lililoundwa miaka ya 1970, huku serikali kuu ikiwa na 49. Madiwani walikuwepo, bodi ilikuwepo, meneja alikuwepo. Hata hivyo mwaka 2011 hisa ambazo hazikuwa zimegawiwa mtu ziliuzwa kwa mwekezaji binafsi, na mzozo mkubwa ukazuka: je, bodi ilikuwa na haki ya kufanya hivyo? Wenye mali waliridhia lini, katika kikao gani, kwa bei gani? Suala lilifika bungeni na kwa mkaguzi mkuu wa hesabu.

Fundisho ninalolipata hapo ni la kiufundi, na linagusa mikutano na daftari. Mwenye mali hupoteza mali yake asipoandika mapema ni maamuzi yapi bodi haiwezi kuyafanya bila yeye: kuuza hisa, kuweka rehani, kukopa kupita kiasi fulani, kubadili kazi ya shirika. Na tena, tarehe 24 Februari 2021 rais wa Tanzania aliivunja ile Halmashauri ya Jiji yenyewe. Shirika lililofungwa kwenye shingo ya baraza moja huyumba kila baraza linapoguswa.

Nairobi ilijaribu njia nyingine. Baada ya Sheria ya Maji ya 2002, baraza la jiji liliunda kampuni ya maji mwishoni mwa 2003, ikawa mali yake kwa asilimia zote, lakini yenye akaunti zake, mkaguzi wake na bodi iliyochanganya maafisa wa jiji na watu wa biashara na wa taaluma. Fedha za maji zikatengwa na fedha za jiji, na hilo peke yake lilikuwa hatua kubwa. Wanasiasa hawakuacha kuvutana juu ya nani aingie kwenye bodi. Kila gavana wa kaunti tangu 2013 ameusikia uzito wa jambo hilo.

Kongo inaweza kuchukua njia hiyo bila kubuni sheria mpya. Tangu 2012 nchi imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika unaolinganisha sheria za biashara, na sheria za kampuni za OHADA zinaruhusu kampuni yenye mwenye hisa mmoja tu, yenye bodi ya watu watatu hadi kumi na wawili na mkaguzi wa hesabu wa lazima. Sheria ya maji ya Desemba 2015 nayo imeyapa majimbo na mamlaka za chini kazi ya kuhudumia maji. Na kwa teritware ya Manono, ambamo Ankoro imo, yenye litiamu ambayo dunia inaitamani, suala hili litakuja haraka: kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha ili asilimia 15 iende moja kwa moja kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo. Fedha hiyo ikikuta kiti kitupu, tunajua kitakaliwa na nani.

Je, Ankoro ingoje uchaguzi? Hapana. Kinshasa na Mbuji-Mayi kuna mitandao midogo ya maji inayoendeshwa na vyama vya watumiaji vinavyoitwa ASUREP. Wanaochota maji huchagua wajumbe wao, wajumbe huajiri msimamizi, na hesabu husomwa mbele ya wachotaji. Vyama hivyo havikungoja baraza. Kiti cha mwenye mali kimekaliwa na mwenye ndoo, anayejua bei ya jana na ya leo kuliko mkaguzi yeyote.

Ankoro ina sababu yake ya kulishika jambo hili kwa uzito. Mnamo Novemba 2002 mapigano ya wanajeshi wa serikali na wanamgambo wa Mai-Mai yaliua zaidi ya watu 100 na kuteketeza maelfu ya nyumba. Mahali ambapo mamlaka ilikuja na bunduki, imani hairudishwi kwa hotuba. Inarudi kwa vitu vidogo vinavyoonekana kila juma.

Kwa hiyo kivuko chetu cha mfano kingeanza na mkataba wa kurasa mbili kati ya mkuu wa mahali na chama cha wavukaji. Wajumbe sawa kutoka kila ukingo, wakiwemo wanawake wa soko na wavuvi. Nauli iandikwe kwa rangi kwenye ubao wa bandari. Sanduku lifunguliwe Jumamosi na watu watatu, hesabu isomwe kwa sauti hapohapo ufukweni, na fungu la mota litengwe kabla ya faranga yoyote kupanda kwenda ofisini. Na kifungu cha mwisho kiseme kwamba siku baraza la Ankoro litakapochaguliwa, nafasi ya mwenye mali itahamia kwake, pamoja na vitabu vyote tangu tiketi ya kwanza.