Ng'ombe akizaa pacha, mchunguze ndama jike kabla ya kumlea

NG'OMBE anapozaa ndama wawili kwa mpigo mmoja, majirani humiminika zizini kushuhudia baraka hiyo, na mwenye boma hupokea pongezi kana kwamba ameshinda bahati nasibu. Hata hivyo, ikiwa mmoja wa ndama hao ni dume na mwingine ni jike, mfugaji ana jambo la kuchunguza kabla ya kuanza kuhesabu faida. Yamkini ndama huyo jike hatazaa maishani mwake.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, suala hili si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kisii ina zaidi ya watu milioni 1.2 katika eneo la takriban kilomita 1,300 za mraba, huku Nyamira ikiwa na zaidi ya watu 600,000. Mashamba yamegawanywa kati ya wana na wajukuu hadi familia nyingi zimesalia na vipande vidogo, ambavyo majani chai, migomba, mahindi na nyasi za nepia hung'ang'ania. Isipokuwa katika sehemu kama Borabu, ambako baadhi ya mashamba bado ni makubwa, mfugaji wa kawaida ana ng'ombe mmoja au wawili wanaolishwa zizini.

Kwa mfugaji wa aina hiyo, kulea mtamba ni uwekezaji mkubwa. Huyo ndiye atakayechukua nafasi ya mama yake, au atakayeuzwa kulipa karo, au atakayepelekwa kuwa sehemu ya mahari. Mtamba tasa hula nepia ile ile, hunyweshwa dawa zile zile za minyoo na huogeshwa kwa dawa ile ile ya kupe, lakini baada ya miaka miwili au zaidi ya gharama hizo hana maziwa wala ndama wa kuonyesha.

Mimba ya pacha hutokeaje? Kwa kawaida ng'ombe hutoa yai moja kila anapoingia joto. Mara chache hutoa mayai mawili, na yote mawili yakirutubishwa, mimba mbili hutungwa. Zaidi ya mapacha tisa kati ya kumi wa ng'ombe hupatikana kwa njia hii. Wale wanaotokana na yai moja lililogawanyika ni wachache mno. Ndiyo sababu karibu nusu ya mapacha huwa dume na jike.

Miongoni mwa ng'ombe wa nyama, pacha hutokea takriban mara moja katika kila uzazi 100. Kwa ng'ombe wa maziwa kiwango hicho ni cha juu zaidi, aghalabu kati ya asilimia tatu na tano, na Friesian ni miongoni mwa wanaoongoza. Ng'ombe anayezaa kwa mara ya kwanza ni nadra kupata pacha, lakini uwezekano huongezeka kadiri anavyoendelea kuzaa. Aidha, ng'ombe anayetoa maziwa mengi hula sana, na ini lake huondoa homoni za uzazi upesi katika damu, hali inayofanya mayai mawili kukomaa kwa pamoja. Kwa hivyo, si kweli kwamba mhudumu aliyempandisha ng'ombe kwa mrija alimtilia mbegu nyingi kupita kiasi. Mrija mmoja una mbegu za kutosha kurutubisha mayai yote mawili, sawa na anavyofanya fahali.

Utasa wa ndama jike huanzia tumboni. Wiki chache baada ya mimba kutungwa, makondo ya ndama hao wawili hukutana na mishipa yao ya damu huungana. Kuanzia hapo damu ya dume hupita katika mwili wa jike, na ya jike katika mwili wa dume. Viungo vya uzazi vya dume huanza kuumbika mapema, na homoni zake humfikia dada yake kabla ya viungo vyake kukomaa. Matokeo ni kwamba ovari za jike hudumaa na mfuko wake wa uzazi hukosa kukamilika, ijapokuwa kwa nje huenda akaonekana mtamba kama mitamba wengine.

Jambo hili limewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu. Mwaka 1779 daktari wa upasuaji John Hunter, aliyefanya kazi jijini London, aliandika kuhusu ng'ombe wa aina hii baada ya kuwapasua na kuchunguza viungo vyao. Mwaka 1916 Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza kuwa chanzo ni kuungana kwa mishipa ya damu. Mnamo 1945, Ray Owen wa Wisconsin, Marekani, alithibitisha kwamba mapacha wa ng'ombe hubeba chembe za damu za wenzao hata wakiwa wakubwa. Ugunduzi huo ulichangia utafiti uliofungua njia ya kuhamisha viungo kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Kwa mfugaji, la muhimu ni kiwango. Kati ya kila ndama jike 100 waliozaliwa pacha na dume, takriban 90 hadi 95 huwa tasa. Wachache husalimika kwa sababu mishipa yao haikuungana, au iliungana kwa kuchelewa. Ndama dume kwa kawaida huwa na uwezo wa kuzalisha, ingawa baadhi yao huwa na upungufu, na si busara kumchagua kuwa fahali wa kijiji. Mapacha wakiwa wote jike, hakuna hofu. Wote wawili wanaweza kulelewa kama mitamba wa kawaida.

Habari njema ni kwamba mfugaji hahitaji kungoja miaka miwili ili ajue. Ndama akiwa na umri wa kati ya wiki moja na nne, daktari wa mifugo anaweza kupima urefu wa njia yake ya uzazi kwa kutumia kijiti laini, butu na safi kilichopakwa mafuta. Kwa ndama wa kawaida kijiti huingia takriban sentimita 12 hadi 15, ilhali kwa aliye tasa hukwama kwenye sentimita tano hadi nane. Mfugaji asijaribu kazi hii mwenyewe, kwani ni rahisi kumjeruhi ndama. Pale penye shaka, sampuli ya damu inaweza kupimwa katika maabara kutafuta kromosomu ya kiume.

Kuna pia dalili za nje, kama vile nywele ndefu zilizosimama kwenye uke, kinembe kikubwa na chuchu ndogo zisizokua. Mtamba wa aina hii akifika umri wa kupandishwa, aghalabu haonyeshi dalili za joto kamwe. Hata hivyo, kukosekana kwa dalili za nje si hakikisho, na kipimo cha daktari kina uzito zaidi. Ikithibitika kuwa ni tasa, mfugaji anaweza kumuuza mapema au kumnenepesha kwa ajili ya nyama, badala ya kumwekea matumaini ya maziwa.

Mbali na ndama, mama naye huhitaji uangalizi wa pekee. Ng'ombe mwenye pacha yumo katika hatari zaidi ya kuharibu mimba, kuzaa kwa taabu, kukwamiwa na kondo la nyuma, kupatwa na homa ya maziwa, na kuchelewa kushika mimba nyingine. Ndiposa inafaa ng'ombe achunguzwe na mtaalamu baada ya kupandishwa. Kwa mkono, mtaalamu anaweza kutambua mimba kuanzia takriban miezi miwili. Kwa mashine ya kupiga picha za ndani, mimba huonekana baada ya takriban siku 30, na pacha hutambulika kwa urahisi zaidi kuliko kwa mkono.

Huenda msomaji akauliza, mbona mmoja asiondolewe ili mwingine akue vyema? Kwa farasi, kama wale wa mbio wanaoshindana katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, ndivyo ifanyikavyo. Mfuko wa uzazi wa farasi hauwezi kulisha watoto wawili ipasavyo, na mimba nyingi za pacha huishia kwa kuharibika au kuzaliwa watoto dhaifu. Kwa hivyo daktari huitafuta mimba ya pili mnamo siku ya 14 hadi 16, kabla haijatulia mahali pamoja, na kuibinya hadi ipasuke. Ng'ombe ni tofauti. Mara nyingi anaweza kuwabeba wote wawili hadi mwisho, na kumgusa mmoja kunaweza kuwaangamiza wote. Kwake yeye, dawa ni matayarisho.

Matayarisho hayo huanza na lishe. Katika miezi mitatu ya mwisho ndama wawili hubana tumbo, na ng'ombe hushindwa kula nepia nyingi kwa wakati mmoja. Apewe nyasi changa na laini, majani ya jamii ya kunde kama desmodiamu, na lishe ya nafaka kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Akikosa nguvu za kutosha, mwili huyeyusha mafuta yake kupita kiasi, naye hudhoofika, hukataa chakula na anaweza kufa.

Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 280, lakini mwenye pacha huzaa siku kadhaa mapema, mara nyingi kwa wiki moja hivi. Mfugaji aliyezoea kuacha kumkama siku 60 kabla ya tarehe ya kuzaa hana budi kuzingatia tofauti hiyo na kuacha mapema zaidi.

Siku ya kuzaa, hatari kubwa ni miguu kuchanganyika. Miguu miwili inayojitokeza huenda ikawa ya ndama wawili tofauti, na kuivuta pamoja ni kuwaua wote na pengine mama yao. Kila mguu ufuatwe hadi kwenye kifua cha mwenyewe kabla ya kuvutwa, na daktari aitwe mapema. Baada ya ndama wa kwanza, mtaalamu akague iwapo kuna mwingine. Wote wawili wapewe maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ndani ya saa chache, kila mmoja kwa kipimo chake, kwani mwenye nguvu humnyang'anya mnyonge.

Kondo la nyuma lisipotoka baada ya saa 24, lisivutwe kwa mkono wala kufungiwa jiwe. Mfugaji amwite mhudumu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini, na ana haki ya kumwomba aonyeshe cheti chake.

Hatimaye, kuna suala la uaminifu. Ndama dume akiuzwa angali mchanga, ushahidi wa pacha huondoka pamoja naye, na mtamba husalia akionekana aliyezaliwa peke yake. Mnunuzi sokoni, au mwanachama wa kikundi kinachopeana mitamba kwa zamu, hana njia rahisi ya kujua. Anayenunua aulize bila haya: je, huyu alizaliwa na nani? Naye anayeuza awe na daftari lenye tarehe ya kupandishwa, ya kuzaliwa na jinsia ya kila ndama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtamba tasa anaweza kupoteza mali hiyo katika maboma mawili: la aliyemlea na la aliyemnunua.