Security+ haimezwi kama madesa ya UE

Kila muhula ukifika katikati, kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa TEHAMA linaanza kuzunguka tangazo lilelile: desa la Security+, maswali yote na majibu yake, kufaulu uhakika. Bei ni kama ya chipsi mayai na soda. Muuzaji hajulikani, faili lenyewe lina kurasa mia kadhaa, na wanaolinunua ni watu wenye akili zao, tena wengine GPA zao zinatisha. Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni hisabati na TEHAMA, na kwa miezi minne sasa nipo kwenye kikundi cha watu watano kinachojiandaa kwa mtihani huu. Nataka kueleza kwa nini lile desa linakuandaa kwa mtihani mwingine kabisa, na mtu afanye nini badala yake.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayouma. Security+ ni cheti cha usalama wa mitandao na mifumo kinachotolewa na CompTIA ya Marekani. Toleo la SY0-701, ambalo ndilo tunalosomea, lilianza Novemba 2023. Ada yake kwa bei ya Marekani ni zaidi ya dola 400, yaani inacheza kwenye shilingi milioni moja. Sasa ipime kwa boom: ukipokea shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, mtihani mmoja ni kama siku 100 za kula. Ukifeli hakuna sapu ya bure, unalipa upya ada yote. Mara ya pili unaweza kurudia bila kusubiri, ila kuanzia ya tatu lazima zipite siku 14. Kwa mwanafunzi wa kawaida, kiukweli, hiyo mara ya tatu haipo.

Maswali hayazidi 90, muda ni dakika 90. Alama zinatolewa kwa kipimo cha 100 hadi 900, na wa kufaulu ni 750. Usipige hesabu ya asilimia hapo, kwa sababu kipimo chenyewe hakianzii sifuri. Mada ni tano: dhana za jumla za usalama (asilimia 12), vitisho na udhaifu wa mifumo (22), usanifu wa usalama (18), shughuli za usalama za kila siku (28), na usimamizi, yaani sera, hatari na ukaguzi (20). Hiyo ya mwisho wana TEHAMA wengi wanaichukulia kama DS, somo la kupitia usiku wa mwisho. Ni moja ya tano ya mtihani!

Kinachowakwamisha watu zaidi ni namna maswali yanavyoulizwa. Tuliosoma ualimu tunaijua ngazi ya Bloom ya mwaka 1956: chini kabisa kuna kukumbuka, juu yake kuelewa, kutumia, kuchambua na kuendelea. UE zetu nyingi, tusidanganyane, zinaishia ngazi mbili za chini. Orodhesha, fafanua, taja faida tano. Desa linafanya kazi vizuri sana kwa mtihani wa namna hiyo. Security+ inakaa zaidi kwenye kutumia na kuchambua. Chukua swali hili nililolitunga mwenyewe:

Kompyuta ya mhasibu imeanza kufunga mafaili na kuonyesha ujumbe wa kudai malipo. Ufanye nini KWANZA? A, rudisha mafaili kutoka nakala ya akiba. B, itoe kompyuta kwenye mtandao. C, futa diski na uweke mfumo upya. D, andika ripoti ya tukio.

Yote manne ni mambo sahihi. Mtu wa IT atayafanya yote kabla wiki haijaisha. Lakini swali lina neno "kwanza", na neno hilo ndilo linalobeba alama. Jibu ni B, kwa sababu programu ya namna hiyo inaweza kuwa inatambaa kwenda kwenye kompyuta nyingine wakati wewe unatafuta nakala ya akiba. Ukirudisha mafaili kabla ya kuzuia, unaweza kuwa unayapelekea nayo yafungwe. Utaratibu wa kushughulikia tukio unajulikana: kujiandaa, kugundua, kuchambua, kuzuia lisienee, kuling'oa, kurejesha huduma, kisha kujifunza kutokana na lililotokea. Mtu anaweza kuukariri utaratibu huu kama wimbo na bado akachagua A, kwa sababu hajawahi kujiuliza kwa nini kuzuia kunatangulia kurejesha.

Halafu badilisha swali kidogo tu. Sema kompyuta tayari imetolewa mtandaoni na chanzo kimeondolewa, nini kinafuata? Sasa A, iliyokuwa kosa, ndiyo jibu. Mwenye desa amekariri kwamba "jibu ni B". Hapo sasa.

Kuna pia maswali ya vitendo, ambapo unapewa kazi ya kupanga au kurekebisha kitu kwenye skrini. Mfano mzuri wa kufanyia mazoezi ni kanuni za faiawoli, kile kizuizi kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka. Fikiria shule yenye seva ya matokeo. Walimu wako kwenye mtandao wao, wanafunzi kwenye wa kwao. Unataka walimu waifikie seva kwa HTTPS, poti 443, na mtu mwingine yeyote asiifikie. Faiawoli ya kawaida inasoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ikikuta ya kwanza inayolingana na mawasiliano yaliyofika inaishia hapohapo, za chini yake haizisomi. Ukiweka "kataa wote" juu, walimu nao wamefungiwa nje hata kama mstari wa pili unawaruhusu. Ukiweka "ruhusu mtandao wote wa shule" juu ya "kataa wanafunzi", mwanafunzi yuko ndani anaangalia matokeo. Unachotaka ni ruhusa ya walimu kwa poti 443 juu, na katazo la wote chini. Ukiipanga mara tatu kwa mkono wako, na kila mara ukajaribu kupita, huhitaji kukariri chochote.

Na mkono wako ndio unaohitaji kazi. Laptop yenye RAM ya GB 8 inatosha. VirtualBox ni bure, Linux ni bure, Wireshark ya kunasa mawasiliano nayo ni bure. Tengeneza mashine mbili za Linux ndani ya laptop, ziunganishe kwa mtandao wa ndani usiotoka nje. Kwenye moja washa huduma ya Telnet, poti 23. Anza kunasa kwa Wireshark, kisha ingia kutoka mashine ya pili kwa jina na nywila. Fungua ulichonasa: nywila iko hapo, herufi kwa herufi, mtu yeyote aliyekaa katikati ya njia angeisoma. Rudia zoezi lilelile kwa SSH, poti 22. Utaona mashine mbili zinaongea, lakini maneno yenyewe ni takataka tupu, kwa sababu yamesimbwa. Zoezi zima halimalizi saa moja. Mwenzetu mmoja kwenye kikundi alikuwa kila wiki anachanganya 22 na 23 ingawa ameziandika ukutani juu ya kitanda. Baada ya kuona nywila yake mwenyewe ikiwa uchi kwenye skrini, hajachanganya tena.

Tahadhari moja, na hii naomba uisome mara mbili. Mazoezi haya yafanyike ndani ya laptop yako, kwenye mashine zako. Usiende kunasa mawasiliano ya Wi-Fi ya chuo au kupima seva ya matokeo "kuona tu". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa na kunasa mawasiliano ya watu kuwa makosa ya jinai, na utetezi wa "nilikuwa najifunza" sidhani kama utakufikisha mbali.

Upande wa vitisho, sisi Watanzania tuna bahati mbaya inayogeuka kuwa mtaji: mifano inatufuata kwenye simu. Ile SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ni somo zima. Mtihani unaiita "smishing", ulaghai kwa ujumbe mfupi. Akikupigia na kujifanya mtu wa huduma kwa wateja, inakuwa "vishing". Anayekupita getini kwa kujibanza nyuma ya mwenye kitambulisho, wao wanamwita "tailgating". Andika kila istilahi na tukio la mtaani pembeni yake, maana mtihani hauna toleo la Kiswahili na neno geni lisilo na picha kichwani linapotea haraka.

Vigezo vya uthibitisho pia viko mfukoni mwako. PIN ni kitu unachokijua, laini ya simu ni kitu ulicho nacho, alama ya kidole ni kitu ulicho. Mtego unaopendwa: mfumo unaodai nywila na PIN una vigezo vingapi? Kimoja, kwa sababu vyote viwili ni vya kujua. Na tapeli akifanikiwa kuhamisha laini yako kwenye kadi yake, misimbo ya SMS inamfikia yeye. Ndiyo maana msimbo unaozalishwa na programu ndani ya simu unahesabiwa kuwa salama zaidi kuliko wa SMS.

Kwa wale wa DS, hesabu ya hatari ni rahisi kuliko inavyotisha. Maabara ina kompyuta za shilingi 40,000,000. Hitilafu moja ya umeme inaharibu robo yake: hasara ya tukio moja, wanayoiita SLE, ni 10,000,000. Kama tukio hilo hutokea mara moja kila miaka 5, kiwango cha mwaka, ARO, ni 0.2. Zidisha: hasara ya mwaka, ALE, ni 2,000,000. Fundi akija na ulinzi wa shilingi 3,500,000 kwa mwaka, kwa kigezo cha hela peke yake unamshukuru na kumsindikiza.

Namna ya kusoma sasa, na hapa naongea kama mwalimu mtarajiwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichapisha majaribio ambayo darasani kwetu hayaishi kutajwa. Waliorudia kusoma kifungu walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka bila kuangalia ndio waliokuwa mbele. Kurudia kusoma kunakupa hisia kwamba unajua. Kwa hiyo kikundi chetu tunakutana Jumamosi, mmoja anafundisha mada bila daftari, wengine wanambana. Kwenye maswali ya mazoezi tuna sharti: hupati alama kwa kutaja jibu. Unapata kwa kueleza kwa nini yale mengine matatu hayafai, na ni katika mazingira gani kila moja lingefaa. Swali moja linaweza kula dakika 10. Tunafanya maswali machache, lakini tukikutana na ndugu yake tunamtambua.

Vifaa havihitaji hela nyingi. CompTIA wenyewe wanatoa bure orodha ya malengo ya mtihani, na hiyo ndiyo silabasi, ichapishe. Video za Professor Messer ziko YouTube bila malipo, zishushe kwa Wi-Fi ya chuo usichome bando. Kama ada inakushinda kabisa, mwaka 2022 ISC2 walitangaza mpango wa kuwapa watu milioni moja mafunzo na mtihani wa cheti chao cha kuanzia, Certified in Cybersecurity, bure. Kagua kama nafasi bado zipo, na ujue kwamba ukifaulu kuna ada ya uanachama ya dola 50 kwa mwaka. Kwa mwaka wa kwanza au wa pili, maoni yangu ni kuanza na hicho.

Kuhusu lile desa, CompTIA wana haki ya kufuta matokeo ya mtu anayebainika kutumia maswali yaliyoibwa, na kumfungia asifanye tena. Siku 100 za kula, zimeenda.

Siku ya mtihani unaweza kufanyia kituoni au nyumbani, kupitia Pearson VUE. Nyumbani wanataka chumba kitupu, mtandao usiotetereka, na asiingie mtu. Kwa hosteli zetu za watu wanne chumba kimoja na umeme unaokatika unavyotaka, nenda kituoni. Jina kwenye usajili lifanane na la kitambulisho chako, na kitambulisho kiwe halisi, kadi au pasipoti. Namba ya NIDA uliyoandika kwenye karatasi haitakufikisha ndani. Maswali ya vitendo mara nyingi yanatangulia. Yawekee alama, uyaruke, urudi ukimaliza ya kuchagua, maana moja linaweza kukumezea robo saa. Usiache swali tupu, kwa kuwa kukosea hakupunguzi alama. Matokeo unayapata siku hiyohiyo, pamoja na orodha ya malengo uliyokosea. Cheti kinadumu miaka 3, na kukihuisha kunahitaji pointi 50 za mafunzo endelevu pamoja na dola 50 kwa kila mwaka, kwa hiyo anza kuziweka kwenye bajeti ya mshahara wa kwanza.