Uji wa Mtoto Usimiminike

Katika nyumba nyingi uji wa mtoto hupikwa mara moja tu kwa siku. Alfajiri, kabla mama hajatoka kwenda kazini au shambani, sufuria inabandikwa, uji unachemka, unamiminwa kwenye chupa ya chai, na dada au bibi anayebaki nyumbani anampa mtoto kikombe asubuhi, kingine mchana, kingine alasiri. Ili utoke kwenye chupa bila kuziba, uji huo lazima uwe mwepesi. Kwa ajili ya wepesi huo naandika makala hii, maana kliniki tunapokea watoto wengi wasioumwa, wanaomaliza uji wao bila taabu, na bado mstari wao kwenye kadi umelala.

Tuanze na tumbo lenyewe. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 anashiba kwa mililita 240, kikombe kimoja cha chai. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 bado anapata zaidi ya nusu ya nishati yake kwenye maziwa ya mama. Pengo linalobaki, ambalo chakula cha nyongeza kinapaswa kuliziba, ni kilokalori 200 hivi kwa siku. Akifika miezi 9 pengo linakuwa 300, na akishatimiza mwaka linafika 550.

Sasa tazama sufuria. Ukikoroga gramu 60 za unga kwenye lita moja ya maji utapata uji laini, unaopendeza kwa macho na unaoteremka wenyewe kooni. Gramu 100 za unga wa nafaka zina kilokalori 350 hivi, kwa hiyo lita nzima ya uji huo ina 210 tu, na kikombe cha mtoto kina kama 50. Wa miezi 6 atahitaji vikombe vinne. Wa mwaka mmoja atahitaji kumi na kimoja, na hakuna mtoto awezaye hilo. Kinachotokea ni kwamba tumbo linajaa maji, mtoto ananyamaza na kulala, kisha anaamka analia na anapewa kikombe kingine. Na kila kikombe cha namna hiyo kinakalia nafasi ya titi, ambalo lina lishe kuliko uji wenyewe.

Unga huo huo ukiongezwa hadi gramu 150 kwa lita, kikombe kinabeba kilokalori 125 hivi. Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula na unaongeza 40 nyingine. Mtoto hajaongezewa hata tone la ujazo, lakini mlo wake umekuwa zaidi ya mara tatu ya ule wa kwanza. Jikoni huhitaji mizani. Chota uji kwa kijiko, kiinamishe: ukibaki kijikoni, au ukadondoka taratibu kwa tone zito, uko sawa. Ukikimbia kama chai, rudisha sufuria motoni na uongeze unga uliokorogwa kwenye maji ya baridi.

Najua jibu linalokuja hapa, maana nalisikia kila wiki: uji mzito mtoto anautema. Ni kweli anautema siku za mwanzo. Ulimi wa mtoto mchanga umezoea kusukuma nje kila kigumu kinachoingia mdomoni, na tabia hiyo hufifia akikaribia miezi 6. Kwa hiyo anaanza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, uji ukiwa laini lakini si maji, na kila wiki unamwongezea kiasi na uzito kidogo. Kutema siku tatu si kukataa chakula. Kumlaza chali na kumbana pua ili ameze ni hatari: uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na hata asipopaliwa, mtoto anajifunza kuogopa kijiko. Mkalishe, mtazamane, ongea naye, msubiri afungue mdomo. Mlo wa mtoto huchukua muda, na anayemlisha lazima apewe muda huo. Namtaja hasa dada wa kazi, ambaye pamoja na kulisha ana vyombo, nguo na mkubwa wa kumpokea kutoka shule ya awali.

Kwa mtoto anayesumbuliwa na uzito wa uji, dawa iko mikononi mwa bibi zetu. Kilimanjaro wanakijua kimea cha ulezi kwenye mbege, na Nyanda za Juu Kusini wanakijua kwenye togwa. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vidogo. Uji mzito unaosimamisha mwiko, ukitiwa kijiko cha unga wa kimea, hulegea ndani ya dakika chache bila kuongezwa maji, huku nishati yote ikibaki humo humo. Jambo hili lilifanyiwa utafiti hapa hapa nchini, na mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha matokeo yake. Naona uchungu kwamba zaidi ya miaka 40 baadaye mama wa Mbezi ananunua kopo la unga wa nje kwa bei ya kuku, na kimea hajawahi kuambiwa.

Kukitengeneza si kazi kubwa. Ulezi huchambuliwa, huoshwa, hulowekwa usiku kucha, kisha hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue. Huanikwa juani ukakauka kabisa, vichipukizi husuguliwa vikatoka, ndipo husagwa. Chagua ulezi badala ya mtama, maana machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, kwa sababu ukichemka vimeng'enya hufa. Tia kimea, koroga mpaka ulegee, halafu urudishe motoni uchemke tena, kwa kuwa unga ule wa kimea ni mbichi.

Nije kwenye unga wenyewe, na hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Uji wa lishe unaouzwa sokoni, na ule tunaopeleka wenyewe mashineni, siku hizi unashindaniwa kwa wingi wa vitu: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, choroko, wengine wanatia na dagaa. Mama anaona amempa mtoto kila kitu kwa mkupuo mmoja. Ushauri wangu ni kwamba unga wa mtoto uwe wa nafaka moja au mbili, basi. Soya na jamii ya kunde zikiwa mbichi zina vizuizi vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na vinahitaji moto wa muda mrefu kuliko dakika kumi za kupika uji. Karanga zikishasagwa, mafuta yake huharibika mapema, na unga wa mwezi mzima unaanza kunuka wiki ya tatu. Mtoto akipata vipele au kuharisha, huwezi kujua kati ya vitu vinane ni kipi kimemdhuru.

Kubwa kuliko yote ni sumukuvu. Kuvu aina ya Aspergillus huota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri au zimehifadhiwa penye unyevu, na huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 walifariki. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Hayo ni matukio ya kiasi kikubwa kwa mara moja. Kiasi kidogo cha kila siku hakionekani, lakini mtoto ndiye anayebeba mzigo mzito kuliko sisi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na uji wa mahindi na karanga ndio chakula chake asubuhi na jioni. Ukisaga kila kitu pamoja, kisado kimoja cha karanga mbovu kimeharibu debe zima, wala hakuna jicho litakaloziona tena.

Kwa hiyo karanga zinunuliwe zikiwa nzima. Zimwage kwenye ungo penye mwanga, ukae nazo: iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, iliyovunjika, au inayonuka vumbi la ghala, itoke. Usiwape hata kuku. Zilizobaki kaanga, saga au twanga za siku chache tu, na utie kijiko kwenye uji unapopika. Mahindi nayo yachambuliwe hivyo hivyo. Kukoboa hupunguza sehemu kubwa ya sumu, japo huondoa na baadhi ya virutubisho. Kama huna hakika mahindi yamekaushwaje, kwa mtoto mdogo mimi ningechagua sembe kuliko dona, na virutubisho vilivyopotea ningevitafuta kwenye mboga na dagaa.

Uji, hata uwe mzito na safi namna gani, hauna madini ya chuma ya kumtosha. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma kwenye ini, na akiba hiyo hupungua sana anapofika miezi 6, wakati huo huo ambapo ubongo na damu yake vinakihitaji kuliko wakati wowote. Nyumba nyingi hupika nyama Jumapili, na mtoto anawekewa mchuzi. Kinachoitwa supu ya mtoto ni maji yaliyopita kwenye nyama, na chuma kimebaki kwenye nyama yenyewe, ambayo inaenda kwenye sahani za wakubwa. Kipande cha ini la kuku kinachoenea kwenye kijiko, kikapondwa kwenye kiazi au ndizi, kina thamani kuliko bakuli la mchuzi. Dagaa waliokaushwa, wakachambuliwa mchanga na kusagwa, hutiwa kijiko kwenye mboga. Yai lililoiva vizuri apewe tangu miezi 6, hata kama kuna jirani anayeamini litamchelewesha kusema. Chai asipewe kabisa, maana hufunga chuma tumboni. Asali isubiri mpaka atimize mwaka, na karanga nzima mpaka atimize miaka mitano, kwa hofu ya kupaliwa.

Mikoa inayotuonyesha vizuri kwamba shibe haitoshi ni ile inayolisha nchi. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa walikuwa asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu. Huko mahindi hayapungui. Mama anatoka shambani jioni, mtoto ameshinda na uji wa asubuhi, na mayai yamepelekwa sokoni kutafuta ada.

Kuna jambo la nyumba zenye watoto wawili au watatu wanaofuatana ambalo nalisisitiza kliniki mpaka nachoka. Sinia moja kwa watoto wote ni malezi mema kwa wanaoweza kushindana. Mdogo wa mwaka mmoja na nusu anaokota tonge moja wakati kaka yake wa miaka mitano ameshachota tano, na mama anaona sinia imeisha akajua wote wamekula. Mpe mdogo bakuli lake, hata akiketi hapo hapo na wenzake. Ukiona kilichobaki kwenye bakuli utajua alichokula, na siku akianza kuacha nusu utagundua kabla homa haijaonekana.

Chupa ya chai niliyoitaja mwanzoni nayo naikataza, na si bure. Uji uliopoa ukabaki vuguvugu kwa saa nyingi ni mahali pazuri pa vijidudu vya kuhara kuzaliana. Kama kupika mara mbili hakuwezekani, pima unga na uache tayari ili anayebaki apike kiasi cha mlo mmoja, dakika kumi na tano tu. Ugali laini uliopondwa na mboga ya familia, kabla haijatiwa pilipili na chumvi nyingi, unafaa mchana na hauhitaji sufuria ya pili.

Akiharisha, anyonye na ale kama kawaida, kwa vijiko vidogo na mara nyingi, pamoja na maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Akipona mwongeze mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, kwa sababu ni wakati huo ndipo hufidia alichopoteza.

Na ukienda kliniki, usiridhike na mizani peke yake. Mtoto anaweza kuwa na uzito unaoridhisha kwa kimo chake, huku kimo chenyewe kikiwa nyuma kwa miezi mingi. Omba apimwe urefu, uliza alama imeangukia wapi kwenye kadi, na mstari usipopanda kwa miezi miwili mfululizo, mweleze nesi alichokula jana tangu asubuhi hadi usiku, na uji wake ulikuwa mzito kiasi gani.