Si kila usaha ni kisonono

Neno kisonono lina udugu na kitenzi sonona, yaani kuuma au kutia uchungu. Lugha ilisikiliza maumivu, haikuuliza yameletwa na nini. Ndiyo maana hata leo mwanamume akiona usaha ukimtoka uumeni, au akihisi mwasho aendapo haja ndogo, hulitaja neno hilo pasipo kusita na kuelekea dukani kutafuta dawa yake. Wayunani nao hawakutushinda: walidhani usaha ule ni mbegu za uzazi zinazovuja, na jina gonorea lingali limebeba kosa hilo.

Madaktari wamekwisha kutenganisha kile ambacho lugha ilikichanganya. Kisonono kisipokuwapo, aghalabu mwasho huo wa njia ya mkojo huletwa na klamidia, bakteria aishiye ndani ya seli za mwili. Jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya joho, na kweli ni kiumbe cha kujifunika: wengi walio naye hawaoni dalili yoyote. Kisonono kwa kawaida hujitokeza baada ya siku 2 hadi 7. Klamidia huweza kukawia hadi wiki 3, na ute wake mara nyingi huwa mwepesi. Kuna pia maikoplasma, bakteria asiye na ukuta wa seli, ambaye kwa sababu hiyo penisilini haimtishi. Kuna trikomona, ambaye si bakteria kamwe na hutibiwa kwa metronidazoli. Hata virusi vya malengelenge ya sehemu za siri vimo.

Sindano ya kisonono haiponyi klamidia. Kwa hiyo pasipo na maabara, wahudumu wa afya hutibu magonjwa hayo mawili kwa pamoja. Ajitibuye mwenyewe huona usaha umekatika akadhani amepona, kumbe klamidia imebaki. Humwambukiza mkewe, mirija ya uzazi ya mama huyo ikapata makovu, na miaka ikipita bila mtoto ni yeye aitwaye tasa. Wakwe hawaulizi habari za klamidia. Hawalijui hilo neno.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, neno klamidia limekwisha kuvaa sauti zetu, halihitaji tafsiri. Lifundishwe pamoja na kisonono na kaswende, na mwanafunzi aambiwe waziwazi kwamba tiba yake, kwa kawaida doksisaiklini ya siku 7 kwa agizo la daktari, humhusu pia mwenzi wake, hata kama mwenzi huyo haumwi popote.