Jumeli haitoshi: darubini ya miguu mitatu kwa pundamilia wa Upemba

Wandugu, juzi mmoja wetu aliuliza: kama jumeli iko, juu ya nini mtu abebe darubini nzito mpaka Upemba? Jibu liko kwa pundamilia wenyewe. Wale wa nyanda za juu za Kibara, ndani ya hifadhi iliyowekwa tangu 1939, ndio wa mwisho wa porini katika Kongo yetu nzima. Waliwindwa sana. Ukiwakaribia wanakimbia, na hesabu yako imeharibika.

Tuseme mnyama yuko mita 1200. Jumeli ya 8×42 inamleta kama yuko mita 150: unajua ni pundamilia, basi. Darubini ukiiweka 30, anakuja mita 40. Hapo unamtenganisha jike na mtoto wake.

Wauzaji wanasifu 60. Tulia kwanza. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa ukuzaji: kioo cha mm 60 kwa 20 kinaleta mwanga wa mm 3 jichoni, kwa 60 ni mm 1 tu, na jioni picha ni giza. Tena kila mtetemo wa mkono unakuzwa vilevile. Mimi pesa yangu ingeenda kwanza kwenye miguu mitatu imara.

Mchana hewa ya moto inacheza juu ya udongo, na hakuna kioo cha kuitibu, hata cha bei gani. Nenda saa kumi na mbili asubuhi. Agosti na Septemba moshi wa majani unafunika kila kitu. Mvua za kwanza zinasafisha hewa (barabara nazo zinaharibika, mnajua wenyewe).

Huku Musumba ukisimamisha darubini, watoto watapanga foleni wachungulie, na ni vizuri. Upande wa Kolwezi, usiielekeze kamwe kwenye machimbo wala kambi ya askari: wenye silaha hawatakuuliza habari za ndege. Beba karatasi ya ruhusa. Jua usilitazame nayo hata sekunde moja. Linachoma jicho bila maumivu.

Simu ikishikwa vizuri kwenye kioo cha jicho inapiga picha. Piga ubavu uleule kwa kila mnyama, andika saa na mahali, uwape walinzi wa hifadhi. Mistari ya pundamilia haifanani, kwa hiyo mmoja hahesabiwi mara mbili.