Fahamu: Alex Marshall, gwiji wa bolingi wa Scotland

Ni nani?
Mskoti aliyezaliwa 1967, mwenye dhahabu 5 za bolingi ya nyasini katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Huchezwaje?
Mchezaji hubiringisha tufe ili litue karibu na tufe dogo liitwalo jaki. Tufe lina mwelemeo upande mmoja, hivyo haliendi moja kwa moja: kadiri kasi inavyopungua, ndivyo linavyozidi kupinda. Nguvu tupu hapa haisaidii.

Dhahabu zake
Manchester 2002, Melbourne 2006, mbili nyumbani Glasgow 2014, kisha Gold Coast 2018, akiwa na miaka 51, umri ambao wanamichezo wengi wameshastaafu zamani. Zote alizipata na wenzake, wawili wawili au wanne. Peke yake, ubingwa wa dunia wa bolingi ya ndani ya ukumbi ameutwaa mara 6.