Jukwaa la Pamoja na Mjadala wa Vyama Katika Majira ya Uchaguzi wa Rais

Katika nchi zitumiazo Kiswahili kwa mambo ya dola, majira ya uchaguzi wa rais huwa majira ya maneno mengi. Hotuba hutolewa viwanjani, nyimbo hutungwa, na mafumbo hutupwa toka kambi moja kwenda nyingine. Lakini wingi wa maneno si mjadala. Mjadala kwa maana yake halisi huhitaji mambo matatu: pande zenye maoni mbalimbali, hadhira moja izisikiazo pande zote, na kanuni impasayo kila msemaji kujibu lile aliloulizwa. Makala haya yaeleza jinsi mambo hayo matatu yalivyopata kukutana, na jinsi yalivyoachana, katika Tanzania na Kenya. Tena yaonyesha kwamba lililopungua mara nyingi si tofauti za maoni, bali ni jukwaa la pamoja.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwani ndiyo yachukuayo mawazo ya watu. Mtu atakaye urais huitwa mgombea, na neno hilo ni la shina moja na gomba na gombana. Asimamaye upande wa pili huitwa mpinzani, kutokana na pinga, yaani kuweka kitu njiani kikingame. Katika shina hilo hilo mna kipingo cha mlango na pingamizi. Mfuasi mwenye bidii ya chama huitwa mkereketwa, jina lililotoka katika kule kuwashwa kooni. Na kazi ya mgombea mbele ya wananchi husemwa kuwa ni kunadi sera, neno la mnadani, ambako mwenye mali hupaza sauti na mnunuzi hutaja bei. Katika msamiati huu siasa ni ugomvi, ni kizuizi, ni mwasho, au ni biashara. Maneno yaelekeayo fikira, yaani hoja na mjadala, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, hutumika zaidi bungeni na vyuoni kuliko viwanjani.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba utamaduni wa Waswahili haukujua kushindana kwa hoja. Kuna malumbano, neno litokalo katika lumba, ambamo pia mwatoka mlumbi, msemaji hodari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, miongoni mwao Zahidi Mngumi, juu ya uhasama wa miji hiyo miwili. Uhasama ulikuwa wa kweli, nao ulifika hadi vitani. Lakini katika kujibizana kwa mashairi, mwenye kujibu hupaswa kufuata bahari ya mwenziwe, na mara nyingi hata vina vyake. Basi hawezi kujibu asichokisikia. Kanuni ya sanaa humlazimisha adui kumsikiliza adui.

Namna ya pili ni ngonjera, iliyokuzwa na Mathias Mnyampala katika miaka ya 1960 na kuenea mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967. Humo pia pande mbili hubishana. Ila desturi yake ni kwamba mmoja ajua na mwingine hajui, na mwisho asiyejua huelimika na kukubali. Tofauti ya namna hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ngonjera hukoma kwa wote kuafikiana. Malumbano huweza kukoma kila mtu akiwa palepale aliposimama, na msikilizaji akaachiwa hukumu. Uchaguzi wa vyama vingi, kwa tabia yake, ni wa namna ya malumbano.

Sasa na itazamwe historia. Uchaguzi wa rais wa Tanganyika wa Novemba 1962 ulikuwa wa vyama viwili: Julius Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura, na kwa tofauti ya namna hiyo mjadala haukuwa na uzito wa kutosha. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, na tangu hapo mpiga kura aliulizwa juu ya mgombea mmoja tu wa urais, akajibu Ndiyo au Hapana.

Lakini katika uchaguzi wa wabunge wa Septemba 1965 ulizuka utaratibu ustahilio kukumbukwa. Kila jimbo liliruhusiwa wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Mikutano iliandaliwa na chama wilayani, si na wagombea wenyewe. Wote wawili walipanda jukwaa moja, wakasema kwa zamu mbele ya watu wale wale. Walikatazwa kuleta habari za kabila, dini au rangi, na lugha ya mikutano ilikuwa Kiswahili. Matokeo hayakuwa ya mchezo: Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika uchaguzi huo. Kasoro yake nayo ilikuwa wazi, kwani siasa ya chama yenyewe haikuweza kuhojiwa. Mabishano yalihusu nani atawatumikia watu vyema, si njia ipi nchi iifuate. Yaani jukwaa la pamoja lilikuwapo, lakini tofauti ya vyama haikuwapo.

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi mwaka 1991. Yapata asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Pamoja na hayo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na sheria ikaanza kutumika Julai 1992. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika Oktoba 1995. Wagombea wanne wa urais wa Muungano, Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikutana katika mdahalo ulioonyeshwa kwa televisheni, chombo ambacho wakati huo kilikuwa kigeni Tanzania Bara. Hapo, kwa muda mfupi, tofauti ya vyama na jukwaa la pamoja vilikutana. Mkapa alishinda kwa yapata asilimia 62.

Mkutano wa namna hiyo haukupata kuwa desturi. Kilichokuwa desturi ni kila chama kufanya mikutano yake, na ratiba ya kampeni hupangwa ili misafara ya wagombea isigongane mahali pamoja siku moja. Nia yake ni njema, kwa kuwa yalinda amani. Lakini tokeo lake ni kwamba hadhira nazo hutenganishwa, na kila mgombea huwahutubia wale waliokwisha kumkubali. Mwaka 2025 CHADEMA, iliyokuwa chama kikuu cha upinzani, haikushiriki kabisa uchaguzi, baada ya Tume ya Uchaguzi kutangaza mwezi wa Aprili kwamba chama hicho hakikutia sahihi kanuni za maadili. Ambapo upande wa pili haumo, hata malumbano ya mbali hayawezekani.

Kenya ilipita njia nyingine. Februari 1, 2013 ilipokwisha kupita, mwezi huo huo tarehe 11, wagombea wote 8 wa urais walisimama pamoja mbele ya kamera Nairobi, na wakakutana tena tarehe 25. Lakini mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake, Uhuru Kenyatta asije. Na mwaka 2022 William Ruto alisimama peke yake, Odinga asije. Kadhalika midahalo hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 yakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Hoja zikasemwa kwa lugha moja studioni, na vitendawili na vijembe kwa lugha nyingine uwanjani. Mwananchi asiyejua Kiingereza akaachiwa sehemu ya pili tu.

Hasara ya kukosa jukwaa huonekana dhahiri zaidi Zanzibar. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad akiwa na 49.8. Nchi iliyogawanyika nusu kwa nusu namna hiyo ilihitaji kusikilizana kuliko nyingine yoyote. Badala yake ulikuja uhasama, na Januari 2001 damu ikamwagika. Mazungumzo ya vyama yalifanyika vyumbani, yakazaa Muafaka wa 1999 na wa 2001, kisha Maridhiano yaliyothibitishwa kwa kura ya maoni ya Julai 2010. Mtaalamu wa lugha hana budi kuangalia jambo hili: siasa imekipatia Kiswahili maneno mazuri ya kumaliza ugomvi, kama muafaka, suluhu na maridhiano, kabla haijazoea maneno ya kuendesha hoja pasipo ugomvi.

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kila chama kitavutia kwake, wala hilo si kosa. Lakini methali hiyo yadhani kwamba ngoma ni moja, na wambaji wote wameishika. Utaratibu wa 1965 waonyesha kwamba jukwaa la pamoja lawezekana vijijini, kwa Kiswahili, bila ya vyombo vya gharama. Mdahalo wa 1995 waonyesha kwamba vyama mbalimbali vyaweza kulipanda. Na malumbano ya zamani yaonyesha kwamba kumjibu hasimu kwa kanuni aliyoikubali yeye pia si jambo geni katika lugha hii.